Mkufunzi Aliyefunza kwa Mvinje na Jongoo

Ukitembea leo chini ya miti ya Haller Park, Bamburi, upande wa Kisauni mjini Mombasa, ni vigumu kuamini kwamba hapa palikuwa machimbo ya mawe ya matumbawe ya kiwanda cha saruji. Udongo haukuwepo. Jua lilichoma mwamba mtupu, na maji ya chini yalikuwa na chumvi.

René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyeajiriwa na kiwanda hicho mwaka 1959, alianza kupanda miti humo mwaka 1971. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili ni tatu tu: mvinje, mnazi na mti uitwao Conocarpus.

Ufundi wake uko katika yale aliyoyafanya baada ya hapo. Alikaa na mvinje, akauchunguza. Mizizi yake huishi na bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, ndiyo maana huota pasipo rutuba. Lakini majani yake makavu yalirundikana bila kuoza, na bila mboji hapangekuwa na msitu. Akawaona jongoo wenye miguu myekundu wakiyala majani hayo, akawaleta kwa wingi. Kinyesi chao kikawa mboji, mboji ikajenga udongo, na miti mingine ikapata pa kushika mizizi.

Kumfunza mwalimu wa kilimo kunataka mwendo huohuo. Ukimkaririsha majina ya mbolea na nafasi za mashimo ya mahindi, naye atawakaririsha watoto, kisha mchanga wa Likoni utawashinda wote. Mkufunzi hodari humpa kipande cha ardhi, humwacha apande, aandike kilichokufa na kilichopona, naye huuzuia ulimi wake mpaka mwanafunzi aulize swali lenyewe. Subira hiyo ndiyo kazi, na ndiyo ngumu kuliko zote.

Kwa kazi yake ya Bamburi, mwaka 1987 Umoja wa Mataifa ulimtunukia Haller heshima ya mazingira ya Global 500, na tangu 2004 wakfu wenye jina lake umekuwa ukiwafunza wakulima wadogo wa Pwani.

Chuo cha ualimu cha Shanzu kiko Kisauni hiyohiyo. Wakufunzi wetu, wapelekeni walimu wanafunzi Bamburi. Waushike udongo uliotengenezwa na jongoo kabla hamjawafungulia kitabu.