Heko kwa Mawakili wa Dhamana

Ndugu akilala korokoroni, nyumba nzima hailali. Hapo ndipo wakili hujulikana. Hufika kituoni, akasoma kitabu cha matukio, akauliza saa aliyokamatwa. Ibara ya 49 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inataka, kwa kawaida, mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na aachiliwe kwa dhamana ya masharti nafuu pasipo sababu nzito ya kumzuia. Wakili humweleza hakimu: huyu ana makazi, ana kazi, hatatoroka. Kisha ile kazi isiyosifiwa, nami naisifu kuliko zote: kukagua hati ya shamba ya mdhamini, kumsaka karani, kuwahi risiti kabla ofisi haijafungwa. Heko zaidi kwa shirika la Kituo cha Sheria, linalowasaidia wasio na kitu tangu 1973.