Ngitili: Akiba ya Nishati Katika Ngazi ya Kwanza

Katika mfumo wa ikolojia wa nchi kavu, nishati huingia hasa kupitia mimea, ambayo kwa usanisinuru hugeuza mwanga wa jua kuwa chakula, kisha hupanda ngazi za ulishaji kutoka kwa mzalishaji, yaani nyasi, hadi kwa mlaji wa kwanza, kama ng'ombe, na mlaji wa pili, kama chui au binadamu alaye nyama. Mwaka 1942 Mmarekani Raymond Lindeman alichambua jinsi kila ngazi inavyopokea sehemu ndogo tu ya nishati ya ngazi iliyo chini yake. Wastani unaotajwa ni asilimia 10, ingawa kwa ng'ombe, anayetumia malisho mengi kutunza joto la mwili na kutembea, kiwango huwa chini zaidi.

Ngitili, hifadhi ya malisho ya Wasukuma, ni ufundi uliojengwa juu ya ukweli huo. Mvua zinapoanza eneo hufungwa, nalo hubaki hivyo hadi Julai au Agosti, mabua ya mashambani yakiisha. Hata hapo hufunguliwa kipande kwa kipande, na kwa desturi ndama, ng'ombe wazee na wagonjwa hutangulia. Nyasi isiyoguswa ikiwa changa hutanua majani yanayonasa mwanga na kuweka akiba mizizini, hivyo ngazi ya kwanza hunenepa kabla ya ya pili kuanza kuchota. Tena malisho yakiwa karibu na boma, ng'ombe dhaifu hamalizi nguvu kwa mwendo wa kutwa nzima, na sehemu ya nishati hiyo huwa maziwa. Faida hii haitajwi inavyostahili.

Ufundi huo ulidhoofishwa na ufyekaji wa vichaka dhidi ya mbung'o enzi za ukoloni, kilimo cha pamba, na baadaye uhamishaji wa watu kwenda vijijini. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986, uliufufua kwa kuzitegemea sheria za wenyeji, ambapo mkutano wa jadi, dagashida, ulitoza faini waliolisha kabla ya wakati, na ngitili zikavuka hekta 300,000.

Eneo la Masumbwe, lililokuwa mkoani Shinyanga kabla ya Mkoa wa Geita kuundwa mwaka 2012, linakabiliwa na mtihani mgumu zaidi kuliko ule wa malisho. Nyasi hurejesha nishati yake kwa msimu mmoja, lakini mti unaokatwa kwa ajili ya mkaa, ukaushaji wa tumbaku au matimba ya kuzuia mashimo ya dhahabu yasiporomoke umelimbikiza mwanga wa miaka mingi, na kuufunga msitu hadi Agosti hakuwezi kuurudisha.