Misitu ya Mafunzo: Ardhi ya Elimu Ilivyotunzwa Handeni na Milimani juu ya Korogwe

Uhifadhi wa viwanja vya elimu, yaani utunzaji wa ardhi, miti, njia na vyanzo vya maji vinavyozunguka mahali pa kufundishia, huelezwa kwa kawaida kwa kuanzia vyuo vikuu vyenye ramani na hati, ilhali katika wilaya za Handeni na Korogwe mkoani Tanga jambo hilo lilikuwapo kabla ya chuo chochote kupimiwa kiwanja. Wazigua, ambao ndio wenyeji wa sehemu kubwa ya nyanda hizo, walitenga misitu midogo midogo kwa ajili ya jando, tambiko, maziko na vikao vya wazee, na ile iliyotengwa kwa jando ilikuwa viwanja vya mafunzo vyenye mipaka, walinzi, masharti ya kuingia na adhabu kwa aliyeyavunja. Watafiti wa misitu S.T. Mwihomeke, T.H. Msangi na wenzao walichapisha mwaka 1998 matokeo ya uchunguzi wao wa misitu iliyohifadhiwa kimila katika Pare Kaskazini na Handeni, wakaonyesha kwamba misitu ya aina hiyo ilihesabika kwa mamia. Jukka Ylhäisi, aliyekuwa mmoja wao, akaiandikia tasnifu kuhusu Wazigua na Wagweno katika Chuo Kikuu cha Helsinki mwaka 2006.

Ili kuona uzito wa kazi iliyofanyika, ni lazima msitu huo uwekwe ndani ya matumizi ya ardhi yaliyouzunguka. James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu siasa za udhibiti wa mazingira kaskazini mashariki mwa Tanzania, alieleza jinsi wakulima wa Uzigua walivyowadhibiti mbung'o, nzi wanaoeneza ugonjwa wa nagana kwa ng'ombe, kwa kufyeka, kulima na kupanga makazi kwa namna iliyopunguza vichaka na wanyamapori karibu na watu na mifugo yao, na jinsi mpangilio huo ulivyovurugika chini ya utawala wa kikoloni hata vichaka vikarudi na mbung'o pamoja navyo. Kwa jamii iliyojua hasara ya kichaka kwa namna hiyo, kuacha kipande cha ardhi kisifyekwe kizazi baada ya kizazi hakukuwa uzembe wala upungufu wa majembe. Ulikuwa uamuzi wenye gharama, na gharama hiyo ililipwa kwa sababu shughuli iliyofanyika ndani ya msitu haikuweza kufanyika mahali pengine.

Hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo. Jando lilidai faragha, na faragha haipatikani chini ya miti mikubwa pekee, kwa kuwa mvule au mkwaju uliosimama juu ya ardhi iliyofagiliwa hauzuii jicho la mpita njia. Kinachozuia ni vichaka, mitambaazi na miche ya chini, yaani tabaka lile ambalo mkulima hulifyeka kwanza na mifugo hulila kwanza. Kwa hiyo sharti la siri lililinda pia uzao wa msitu, maana miche iliyolindwa leo ndiyo miti ya kesho, jambo ambalo bustani nyingi za vyuo vya kisasa zenye nyasi zilizokatwa chini ya miti mizee hazina. Ulinzi nao ulikuwa mikononi mwa wazee wa ukoo uliojulikana, na aliyekata mti au kuingia bila ruhusa alitozwa faini na kuogopa ghadhabu ya mizimu, kiasi kwamba sheria na imani zilishika ncha mbili za kamba moja.

Udhaifu wa utaratibu huu ulikuwa palepale palipokuwa na nguvu yake, kwani ulitegemea watu kuishi karibu na msitu na kuendelea kuutumia. Katika bonde la mto Pangani upande wa Korogwe, reli kutoka Tanga ilipofika mwaka 1902 na mashamba ya mkonge yakapanuka kuifuata, ardhi ilianza kupangwa kwa vitalu vikubwa vilivyonyooka kwa ajili ya korona, yaani mtambo wa kukwangua majani ya mkonge ili kupata nyuzi, na mpangilio wa aina hiyo hauna nafasi ya kichaka kilichobaki katikati ya shamba. Handeni ilipata mtikisiko wake katika miaka ya vijiji vya ujamaa, hususani uhamisho wa miaka ya 1970, ambapo kaya zilikusanywa kando ya barabara na misitu ya koo ikabaki mbali na macho ya waliokuwa na wajibu wa kuilinda. Jando lilipohamia hospitali na vijana wengi wakalelewa misikitini, makanisani na shuleni, misitu mingi ilipoteza kazi yake, na msitu usio na kazi ndani ya kijiji chenye uhaba wa mashamba hutetewa kwa kumbukumbu tu.

Mfano wa pili uko milimani kaskazini mwa Korogwe, katika Usambara Magharibi, nao ni msitu wa Mazumbai, ambao mwaka 1968 familia ya Tanner, iliyokuwa ikiumiliki, iliukabidhi kwa chuo kikuu cha Dar es Salaam, na ambao baadaye ukawa mali ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984. Una eneo la hekta 320 hivi, na thamani yake kubwa ni kwamba ni mojawapo ya mabaki ya msitu wa mvua wa milimani yasiyovunwa sana, wenye miti ya mkulo ambayo kwingineko Usambara ilikatwa kwa wingi kwa ajili ya mbao. Mazumbai imedumu kwa sababu inayofanana sana na ile ya misitu ya jando: mwalimu wa misitu anahitaji msitu usioguswa ili mwanafunzi aone jinsi miti inavyopokezana nafasi, na mtafiti anayepima miti ileile mwaka hadi mwaka hupoteza kazi yake yote mara mti mmoja uliopimwa unapoangushwa. Tofauti ni kwamba mlinzi wa Mazumbai ni taasisi yenye hati, bajeti na waajiriwa, wala si ukoo unaoweza kuhamishwa kwa amri ya msimu mmoja.

Hata hivyo hati peke yake haitoshi. Kampasi ya Mlimani jijini Dar es Salaam, ambako Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilihamia mwaka 1964, ina ardhi kubwa inayomilikiwa kihalali, na bado sehemu yake imekuwa kituo cha biashara cha Mlimani City, kilichofunguliwa mwaka 2006, kwa sababu ardhi ambayo haijapewa kazi ya kielimu iliyoandikwa katika mpango hugeuka kuwa akiba ya mapato. Hilo si kosa la kisheria, bali ni onyo kwa kila taasisi inayodhani kwamba umiliki ndio uhifadhi.

Kwa misitu ya Handeni na Korogwe iliyosalia, zana za kuunganisha njia hizi mbili, ya ukoo na ya hati, zipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakipa kijiji mamlaka ya kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu hifadhi ya msitu wa ardhi ya kijiji, pamoja na msitu wa jamii unaosimamiwa na kikundi ndani ya kijiji, mlango ambao ukoo wenye msitu unaweza kuupitia. Kinachohitaji uangalifu ni upimaji. Msitu wa hekta moja wenye umbo la mraba una upande wa mita 100, na ikiwa jua, upepo na moto wa mashambani vinaathiri mita 20 za ukingo, kitovu kinachobaki salama ni mita 60 kwa 60, yaani asilimia 36 tu ya eneo. Hekta hiyohiyo ikiwa ukanda wa mita 20 kwa 500 kando ya kijito, haina kitovu hata kidogo. Kwa sababu hiyo mpaka ukichorwa kwa kufuata shina la mwisho, msitu unakuwa umeanza kuliwa siku ileile mpaka ulipochorwa, na kamati ya kijiji haina budi kuongeza nje yake ukanda usiochomwa moto, ambamo miti ya shambani inaachwa isimame.

Halmashauri za vijiji zinazoandaa mipango ya matumizi ya ardhi katika wilaya hizi mbili zinapaswa kuwaita wazee wa koo kabla ya mpimaji kufika, zikaandika jina la kila msitu, ukoo unaoulinda na kazi iliyofanyika ndani yake, kisha zikazipa shule na vyuo vilivyo jirani ruhusa ya kufundishia humo kwa masharti ya wenyewe, ili misitu hiyo iwe na wanafunzi tena.