Ngulube ya polepole: nani atalipa makala?



Kila mmoja wetu ameshaona kwenye simu zile video za Wamarekani: bega ya ngulube imelala usiku mzima juu ya moshi, asubuhi mtu anaivuta kwa vidole tu, inaachana nyuzi-nyuzi, anaifunga mu mukate, sosi nyekundu inachuruzika. Na ujumbe unanifikia: yaya, wewe ulisoma agronomi, tufungue kibanda ya ile kintu hapa Kambove? Heri nijibu mara moja kwa wote. Jibu langu iko ndiyo, lakini si ile ya sosi nyekundu.

Ile sosi njo inatudanganya. Tunafikiri Marekani yote inapika namna moja. Mashariki ya North Carolina wanachoma mnyama mzima, wanaweka siki, chumvi na pilipili, basi. Ku Lexington, upande wa magharibi wa jimbo ile ile, wanachukua bega peke yake, na siki inapata tomati kidogo. South Carolina kuko sehemu wanatia haradali ya njano, jambo wanalolihusisha na Wajerumani waliohamia kule. Memphis wanaweka kabichi iliyokatwa laini ndani ya mukate, juu ya nyama. Na walioshika kazi ya ule moto tangu wakati wa utumwa walikuwa kwa sehemu kubwa watu weusi, jambo ambalo video hazisemi sana.

Namba ya kwanza mi napa ile ya siki. Mafuta ya ngulube yanataka kitu kikali cha kuyakata. Sukari inayaongezea uzito tu. Tena sosi tamu inaficha. Ukila nyama iliyozama mu sukari, huwezi kujua kama mnyama alikula pumba safi ao alizurura jalalani. Siki haifichi kitu.

Majirani wetu je? Watanzania wana kitimoto, jina ambalo wengi wanaeleza hivi: mlaji anakaa kama juu ya kiti cha moto, anaangalia nyuma asionekane. Na si mchezo: mwaka 1993, Dar es Salaam, mabucha ya nguruwe yalishambuliwa. Wanaipika kavu mu mafuta yake yenyewe, ao rosti na nyanya na vitunguu, ndizi pembeni, pilipili na limau. Hiyo limau inafanya kazi ile ile ya siki, wala hakuna aliyeenda kujifunza Carolina. Rwanda wana akabenzi, jina linacheza na gari ya Benz. Kampala wanachoma na kuleta na muhogo. Zote tamu, sikatai. Lakini zote ni nyama ya haraka: vipande vidogo, moto mkali, chupa mezani.

Shiye Katanga sifa yetu iko michopo, na michopo iko mbuzi. Ngulube tunaichemsha mu sufuria juu ya mbabula, tomati, vitunguu, bukari pembeni. Ao inachomwa ku nganda, nje nyeusi, ndani haijulikani. Hapo ndipo mi naacha utani. Ngulube anayezurura anakula kinyesi cha mtu mwenye tegu, na vifuko vya tegu vinakaa mu nyama yake. Nyama ikiiva kabisa mpaka ndani, vinakufa. Kipande kilichoungua juu na chenye damu katikati hakina hiyo dhamana. Kwa jambo hii peke yake, upishi wa polepole unashinda nganda zetu, hata kabla ya kuonja.

Utamu wake nao una sababu. Bega ni msuli unaofanya kazi, umejaa zile nyuzi nyeupe zenye kolajeni. Ukiupika haraka, ni raba. Ukiupeleka polepole mpaka ndani ifike karibu digrii 90, kolajeni inayeyuka, nyama inaachana yenyewe. Shida iko katikati ya safari: ikifika karibu digrii 70, nyama inasimama pale masaa mengi, haipandi, juu maji yanayotoka yanaipoza kama jasho letu. Wasiojua wanaongeza moto, wanaharibu yote.

Na masaa, kwetu, iko makala. Angalia ile ya Scott, mu kijiji cha Hemingway, South Carolina, familia iliyomlea Rodney Scott, aliyepata zawadi ya James Beard mwaka 2018, kama mtoto wa moto: wanachoma magogo palepale na kuchota kaa lake. Shiye tunanunua makala yaliyotoka mu tanuru ya udongo, ambapo kilo 1 ya makala imekula kilo 5 mpaka 10 za kuni. Hizo kuni ni msitu wetu wa miombo, na kila mwaka magunia yanatoka mbali zaidi. Mtu akiniambia atachoma bega masaa 12 juu ya makala ili auze mikate 15, mi naona anauza msitu, nyama ni kifuniko.

Lakini dawa iko nyumbani. Wamarekani wenyewe, nyama ikisimama, wengi wanaifunga mu karatasi ili jasho lisiipoze. Funga mu majani ya ndizi. Liboke si kitu kingine! Anza na moto wa kutosha na moshi saa moja ao mbili, kisha funga, ingiza mu sufuria nzito, ziba kifuniko kwa unga uliokandwa, acha kaa kidogo tu. Moshi utakuwa mdogo kuliko ule wa Carolina, nakubali, lakini makala pia.

Nyama ya kununua nayo ina mtego. Wauzaji wanakata bega kwa shoka, mafungu-mafungu na mifupa. Uombe nzima mapema. Na bei ikianguka kwa gafula mtaa mzima, jiulize. Homa ya nguruwe ya Afrika, ile iliyoelezwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, haina dawa, na wafugaji wakiisikia karibu wanauza yote kabla hayajafa. Mtu haambukizwi. Lakini mabaki mabichi ya jikoni yako yakitupwa kwa ngulube ya jirani, umemmalizia zizi.

Mukate? Mi siupendi sana hapa. Mukate laini unakunywa siki na kuvunjika kabla ya mtu kufika kona. Bukari inabeba ile nyama vizuri zaidi, na kabichi iliyokatwa na limau pembeni. Ila mwanafunzi anayekimbia kozi hana muda wa kunawa mikono na kukanda matonge, kwa hiyo wekeni yote mbili, mukate ya jana iliyochomwa kidogo juu ya mbabula ishike, na bei ya mukate isizidi ile ya sahani.