Huzuni Isiyo na Kodi

Mwaka juzi nilimrekodi bibi yangu kwa simu, hapa Nzuguni, amekaa mlangoni anachambua mchicha huku akiimba wimbo wa Kigogo wa kumlilia binti aliyeolewa mbali. Nikaupeleka kwa jamaa mmoja mwenye studio ausafishe. Akaurudisha umenyooshwa na programu, na chini yake kaweka kinanda: kodi maina mwanzo mwisho. (Kodi hapa ni sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, si ile ya TRA.) Meja ni furaha, maina ni huzuni, ndivyo tunavyofundishwa. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Anayeimba ni nani?"

Swali lile lilinisumbua. Kama maina ndiyo huzuni, mbona iliongezwa na huzuni ikapungua?

Mwanga niliupata mbali kidogo, Louisiana, Marekani, kwenye kodiani ya Wakajuni. Ina vitufe kumi mkono wa kulia, kila kimoja na sauti mbili: ukisukuma inatoa hii, ukivuta inatoa ile. Chukua ya C. Maina ya A inataka A, C na E. A iko kwenye kuvuta, C na E kwenye kusukuma. Hakuna anayeweza kuvuta na kusukuma kwa mpigo mmoja, kwa hiyo kodi hiyo haipo kabisa. Maina ya D utaipata ukivuta, lakini mkono wa kushoto, wenye vitufe viwili tu, wakati huohuo unakupa G meja. Ama uunyamazishe, ama uvumilie mgongano.

Sasa msikilize Amédé Ardoin, Mkrioli mweusi aliyerekodi kati ya 1929 na 1934 kwa kodiani ya namna hiyo. Chombo ni cha meja, lakini sauti yake inalia juu yake mpaka mwili unasisimka. Analegeza noti, anaifikia kwa chini, anaiacha kabla haijatulia. Mafundi wengi wa kodiani hizo nao hushusha kidogo sauti ya kati ya kodi meja, ile inayoamua kama kodi ni meja au maina. Haifiki kwenye maina. Inaelekea huko tu, na inatosha.

Sisemi maina ni adui. Clifton Chenier, mfalme wa zydeco, alichukua kodiani kubwa yenye funguo za piano na vitufe vya maina, akapiga bluzi nayo vizuri sana. Lakini alikichagua mwenyewe chombo kinachoendana na koo lake. Bibi yangu alichaguliwa.

Na koo la Kigogo lina hesabu yake. Gerhard Kubik, mtafiti wa muziki wa Afrika, ameeleza kwamba uimbaji wa Wagogo unafuata harmoniki, zile sauti ndogo zinazojificha ndani ya sauti moja ya waya au ya koo. Hatua ya kutoka harmoniki ya sita kwenda ya saba ni fupi kuliko hatua ya maina ya kinanda, kama kwa theluthi ya nusu toni. Haipo kwenye kitufe cheupe wala cheusi. Programu ikiikuta inaona kosa, inairekebisha. Kumbe kilichofutwa kwa bibi ndicho hicho hasa.

Ndiyo maana kati ya kazi za marehemu Hukwe Zawose, mtoto wa Dodoma huyuhuyu, mimi narudi kwenye Chibite aliyoifanya na Charles Zawose kuliko Assembly, ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, aliyoshirikiana na Mkanada Michael Brook. Assembly ina uzuri wake, na Brook ni mpiga gitaa mwenye adabu. Ila gitaa likishaweka kodi, sikio langu linaambiwa mapema lihuzunike wapi. Kwenye Chibite ilimba na sauti za watu hazinielekezi. Najikuta tu nimenyamaza.

Bibi alifariki mwaka jana. Msibani wajomba walitaka ipigwe ile ya studio, eti ndiyo "wimbo kamili". Tulibishana, na siwalaumu. Wengi wetu tumelelewa na kinanda cha kanisani. Mwishowe ikapigwa ya simu, na kuku wake na bodaboda zake zinazopita. Ubeti wa pili shangazi akaanza kuingia kwa sauti ya chini, akafuata mwingine, na mwingine. Hakuna aliyewapa noti ya kuanzia.