Kukataa na Kukataliwa: Uhakiki wa Lugha ya Uteuzi wa Kiongozi katika Masimulizi ya Sauli na Daudi

1.0 Utangulizi

Katika nchi zetu ni nadra kiongozi kuapishwa pasipo sala, na katika sala hizo husikika kwamba uongozi hutoka kwa Mungu. Kauli hiyo ina msingi katika mafundisho ya Kikristo, lakini ni pungufu: hutaja chanzo cha mamlaka bila kutaja masharti yake wala nafasi ya wananchi. Makala haya yanahakiki masimulizi ya Sauli na Daudi katika vitabu vya Samweli, kwa kurejelea Biblia ya Union Version ya mwaka 1952. Hoja yetu ni kwamba masimulizi hayo, yakisomwa kwa ukamilifu, hayampi mtawala kinga ya kutohojiwa, wala hayampi mpinzani kibali cha kumwaga damu.

2.0 Uzito wa Maneno Mawili

Mahubiri mengi hukazia tukio la kutiwa mafuta. Hata hivyo, kitenzi kinachobeba masimulizi haya ni *kukataa*. Katika 1 Samweli 8:7, watu wanaodai mfalme wanaelezwa kuwa wamemkataa Mungu. Katika 15:23, Sauli amelikataa neno la Bwana, naye anakataliwa asiwe mfalme. Katika 16:7, Eliabu anakataliwa licha ya kimo chake. Wafasiri wanastahili pongezi kwa kutunza kitenzi kimoja, kwani Kiebrania nacho hutumia mzizi mmoja katika sehemu hizo zote. Kwa urudiaji huo, msomaji hutambua kwamba kuondolewa kwa Sauli si ghadhabu ya ghafla, bali ni jibu kwa tendo lake mwenyewe.

Uteuzi wa neno *masihi* kumrejelea Sauli (24:6) haukufanikiwa vivyo hivyo. Masikioni mwa Mkristo wa leo, neno hilo limefungamana na Yesu Kristo, hivyo Sauli hupata utukufu usio wake. *Aliyetiwa mafuta* lingekumbusha kwamba mtu huyo amekabidhiwa kazi. Katika Isaya 45 hadhi hiyo hiyo anapewa Koreshi, mfalme wa Uajemi ambaye hakumjua Mungu wa Israeli.

3.0 Nafasi ya Watu na ya Nabii

Sauli anatiwa mafuta faraghani, kisha anaoneshwa kwa watu Mispa, na hatimaye watu ndio wanaomfanya mfalme Gilgali (11:15). Daudi naye anatiwa mafuta na Samweli, kisha na watu wa Yuda Hebroni, kisha na wazee wa Israeli baada ya kufanya nao agano (2 Samweli 5:3). Uteuzi wa Mungu, basi, haufuti ridhaa ya watu. Samweli mwenyewe, katika sura ya 12, anasimama mbele ya umma na kutaka ashuhudiwe iwapo alitwaa ng'ombe au punda wa mtu yeyote.

Aidha, kukataliwa hakuhalalishi mapinduzi. Pangoni En-gedi, Daudi anakata upindo wa vazi la Sauli lakini hamuui. Anamkabili kwa maneno. Baadaye Nathani anamkabili Daudi huyo huyo kwa ajili ya damu ya Uria.

Njia hiyo ya tatu, kati ya kunyamaza na kushika silaha, inajulikana katika ukanda wetu. Mwezi Februari 1977, maaskofu wa Kianglikana wa Uganda, wakiongozwa na Askofu Mkuu Janani Luwum, walimwandikia Rais Idi Amin kulalamikia vitendo vya vyombo vyake vya usalama. Luwum aliuawa tarehe 16 ya mwezi huo.

4.0 Hitimisho

Ni kweli kwamba masimulizi haya ni ya ufalme, nayo hayawezi kuhamishiwa moja kwa moja kwenye jamhuri zenye katiba. Hata hivyo, mamilioni ya raia huyasikia kwa Kiswahili, na huyatumia kupima viongozi wao. Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, marekebisho ya tafsiri yapime upya neno *masihi* pale linapomhusu mfalme wa kibinadamu. Pili, wanaoandaa elimu ya uraia kwa kushirikiana na makanisa wasome sura ya 8 hadi ya 16 kwa pamoja. Anayefundisha kwamba Mungu humweka kiongozi hana budi kufundisha pia kwamba humhoji, na kwamba mara nyingi humhoji kwa kinywa cha mtu asiye na jeshi.