Filamu ya Hatari! na Vifaru wa Momella

Filamu ya Hatari! ya Howard Hawks ilitoka mwaka 1962, na sehemu yake ilipigwa Momella, chini ya Mlima Meru. Humo John Wayne na wenziwe wawafukuza vifaru kwa gari, wawatie kamba, wauzwe kwa bustani za wanyama. Mandhari yapendeza. Lakini ina ila moja kubwa: mnyama amekuwa bidhaa, akiondoka huyu, ataletwa mwingine.

Leo Hifadhi ya Arusha haina kifaru, majangili wamewamaliza. Na fikra ile ile imerudi, imevaa kanzu ya elimu. Mwaka 2025 kampuni ya Colossal ya Marekani ilihariri jeni za mbwamwitu, yaani urithi ulio ndani ya chembe za mwili, ikadai imefufua aina iliyotoweka zamani.

Elimu si haramu, na kumponya mnyama mgonjwa ni ihsani. Bali tuulizane, ndugu msomaji: maabara ikituletea kifaru mpya, moyo wa jangili na wa mnunuzi wa pembe utahaririwa na nani? Ngorongoro vifaru wangaliko. Hao ndio amana yetu; walindwe kwanza.